Je, Kuna Nyuki Mjinga?

Mama alinikuta sokoni nikichagua ndengu. Sikumtambua mara moja, lakini yeye alinijua. "Habari ya siku nyingi, Mwalimu," akasema, kisha akamvuta mbele msichana aliyekuwa amejificha nyuma ya leso yake. "Huyu ndiye kitinda mimba wangu. Anaingia gredi ya nne hapo kwenu. Nilitaka tu kukuuliza, naye pia ni mzito kama kakake?"

Neno hilo, mzito, lilikuwa langu. Nililiandika mimi mwenyewe kwa kalamu nyekundu kwenye ripoti ya kakake miaka minane iliyopita: "Ni mzito wa kuelewa. Hana hamu ya masomo." Kijana alikuwa darasa la sita. Mwaka uliofuata hakurudi shuleni baada ya likizo ya Agosti. Nikasikia yuko Machakos, anasukuma mkokoteni. Kusema kweli sikukosa usingizi. Nilijiambia kwamba shule si ya kila mtu, nikaendelea na kazi.

Nilijiona mwalimu wa haki. Katika droo ya meza yangu kulikuwa na pakiti ya peremende, na kanuni yake ilijulikana na wote: ukipata hesabu, unapata peremende moja na makofi ya kilo kutoka kwa darasa zima. Mtoto wa chifu, peremende moja. Mtoto wa kibarua, peremende moja. Sikuwa na kipenzi. Wapo waliokimbilia ubaoni hadi wakakanyagana. Yule kijana alikaa nyuma karibu na dirisha, akiwatazama. Siku moja alipata jibu, nikampa peremende yake, naye akaitia mfukoni bila kuifungua. Nikaona ni kiburi. Nikapiga hesabu yangu: somo ni lilelile, zawadi ni ileile, basi anayebaki nyuma amerudishwa nyuma na kichwa chake mwenyewe.

Hesabu hiyo niliishi nayo miaka mingi. Walioniharibia ni nyuki.

Mjomba wangu alifuga nyuki huko Kitui, katika mizinga ya magogo aliyoitundika juu ya migunga, kila mmoja na alama ya ukoo imechongwa ubavuni. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukikaa mbali kidogo jioni, tukitazama mlango wa mzinga. "Angalia miguu," angeniambia. Wapo nyuki waliorudi na vibonge vya njano vimegandamana kwenye miguu ya nyuma. Hao wamebeba chavua, ule unga wa maua. Wapo waliorudi miguu mitupu lakini tumbo limejaa nekta, yale maji matamu ya maua ambayo hugeuzwa asali. "Hawa hawafanani, wewe," mjomba alisema. "Kila mmoja ana kile kinachomwita." Mimi niliona ni maneno ya mzee aliyekaa na wadudu siku nyingi.

Baadaye sana, nikisomea shahada wakati wa likizo kama wafanyavyo walimu wengi, mhadhiri mmoja wa saikolojia ya kujifunza alituletea habari za nyuki darasani. Wengi walisinzia. Mimi nilimkumbuka mjomba, nikaamka. Nilipotoka pale nikaanza kuzisoma habari hizo mwenyewe, na sijaacha.

Nyuki, kumbe, ni mwanafunzi hodari. Ana tendo moja la kuzaliwa nalo: vipapasio vyake vikiguswa na maji ya sukari, hutoa ulimi wake mrefu ulio kama mrija ili anywe. Mwaka 1961 Takeda, mtafiti wa Japani, alionyesha jinsi tendo hilo linavyoweza kutumika kumfundisha nyuki harufu. Unamnusisha, kisha unampa sukari. Baada ya mara chache tu, ukileta harufu peke yake, ulimi unatoka. Nyuki ameshajua nini kinafuata nini. Amejifunza.

Ila hawajifunzi sawa. Wengine hushika mara moja, wengine polepole, na wapo wasioshika kabisa. Ukimwonyesha mwalimu yeyote hali hiyo atakwambia, "Hilo ni darasa langu." Naye atakuwa na maneno tayari: huyu ni mwerevu, huyu ni wa kati, huyu ni mzito.

Ricarda Scheiner na Joachim Erber wa Berlin, pamoja na Robert Page wa California, hawakukimbilia maneno hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waliuliza kwanza jambo ambalo sisi walimu hatuulizi: kabla ya kumfundisha huyu nyuki, yeye sukari anaionja kiasi gani?

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Nyuki hupoozwa kwa baridi kidogo hadi atulie, kisha hufungwa ndani ya kibomba chembamba, kichwa kikiwa nje. Akishachangamka tena, vipapasio vyake huguswa na maji ya sukari, kuanzia yaliyo hafifu: asilimia 0.1, kisha 0.3, kisha 1, 3, 10 na 30. Kila mara unatazama kama ulimi umetoka. Hayo ya 0.1 mimi na wewe tungeyaita maji matupu. Hayo ya 30 yana karibu mara tatu ya sukari iliyo katika soda. Wapo nyuki waliotoa ulimi kwa yale maji matupu yetu. Wapo waliokaa kimya mpaka 10, au 30. Na wapo ambao hata 30 haikuwatoa ulimi. Ni nyuki wazima wote, na huenda wametoka mzinga mmoja.

Kisha ndipo walipofundishwa. Kibati kidogo chenye mifereji myembamba kiliwekwa mbele ya nyuki, naye akakipapasa kwa vipapasio, akapewa sukari. Mara ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, hadi tano. Nyuki waliokuwa wepesi wa kuonja walijifunza haraka na kukumbuka vizuri. Wale wazito wa kuonja walibaki nyuma. Na kwa jumla, nyuki wa chavua, wale wa miguu ya njano, ndio waliokuwa wepesi wa kuonja na wepesi wa kujifunza. Wale wa nekta walikuwa wazito zaidi kwa yote mawili.

Mtu angeweza kufunga kitabu hapo na kulala ameridhika: hata kwa nyuki kuna werevu na wazito. Lakini watafiti walifanya hatua mbili zaidi. Kwanza waliwachukua nyuki wa chavua na nyuki wa nekta wenye wepesi sawa wa kuonja, wakawapima pamoja. Tofauti ya kujifunza ikatoweka. Kumbe nyuki wa nekta hakuwa na akili pungufu kwa kuwa ni wa nekta. Kisha, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2005, Scheiner na wenzake walibadilisha zawadi yenyewe. Hawakumpa kila nyuki tone lilelile. Walimpa kila mmoja tone lenye utamu uliolingana na uonjaji wake, ili lionjwe kuwa tamu sawa na linavyoonjwa na mwenzake. Ile tofauti kubwa ya kujifunza na kukumbuka ikapungua sana.

Nilisoma hapo mara mbili, nikafunga kompyuta, nikatoka nje. Nilikuwa nafikiria pakiti ya peremende.

Kwa miaka yote hiyo nilidhani nagawa zawadi sawa. Nilichokuwa nikigawa sawa ni peremende. Zawadi haikai ndani ya karatasi ya peremende. Inatokea kwenye ulimi wa anayeipokea. Tone la sukari ya asilimia 1 ni karamu kwa nyuki mmoja, na kwa mwenzake ni tone la maji tu. Ukiwapa wote wawili tone hilo, umewatendea sawa mkononi mwako, lakini mmoja umemlipa na mwingine umemfanyisha kazi bure. Halafu unakuja kumwandikia ripoti kwamba hana hamu.

Swali hili si geni kwa wanafalsafa. Mwaka 1979 Amartya Sen alitoa mhadhara huko Stanford, Marekani, akauliza: usawa wa nini? Kila mtu anasema anataka usawa, alieleza, lakini watu hawakubaliani ni kitu gani kisawazishwe. Ukiwapa watu wawili kitu kilekile, mmoja akiwa mlemavu na mwingine akiwa na viungo vyake vyote, hawatapata uwezo uleule kutokana nacho. Kwa hiyo usiangalie tu kilichotoka mkononi mwako. Angalia kimemwezesha nini aliyekipokea. Nyuki wa Berlin wananisaidia kuliona jambo hilo kwa macho, maana kwao linapimika kwa matone.

Najua kuna mtu anasubiri kunijibu, kwa sababu hata mimi nimejijibu hivyo usiku mwingi.

La kwanza atasema: binadamu si nyuki. Ni kweli, na hilo halinifariji hata kidogo. Nyuki unamgusa vipapasio, ukahesabu ametoa ulimi mara ngapi kati ya sita, ukajua. Mtoto huna pa kumgusa. Tena peremende ndiyo zawadi ndogo kuliko zote shuleni. Zawadi kubwa ni kusifiwa mbele ya wengine, ni nambari moja, ni ahadi kwamba ukisoma utakuja kuwa mtu. Yupo mtoto ambaye makofi ya kilo ni asali kwake, na yupo ambaye makofi hayohayo ni aibu anayotamani ipite. Kama nyuki, ambaye shida yake ni sukari tu, hawezi kupimiwa kwa tone moja na wenzake, mtoto je?

La pili ni gumu zaidi. Ronald Dworkin alilijadili mwaka 1981: je, mtu mwenye ladha ya gharama apewe zaidi? Kama jirani yangu hafurahii chai mpaka aletewe mvinyo wa ghali, kwani ni jukumu letu kumchangia ili afurahi sawa na sisi? Hapana, na ningekuwa wa kwanza kukataa mchango huo. Lakini nyuki mzito wa kuonja hakujidekeza. Page alikuwa na koo mbili za nyuki zilizochaguliwa kizazi baada ya kizazi, moja ya kuweka akiba kubwa ya chavua na nyingine ndogo, na hata wepesi wao wa kuonja ulitofautiana. Kwa hiyo sehemu ya jambo hili inarithiwa. Sehemu nyingine inatokana na umri, na nyingine na tumbo: nyuki mwenye njaa huitikia sukari kuliko aliyeshiba. Karl von Frisch, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alikuwa ameshaona zamani kwamba wakati maua yanamwaga nekta nyuki hukataa maji hafifu ya sukari ambayo wakati wa uhaba huyakubali. Uzito wa kuonja si anasa ya kuchagua. Ni mahali mtu alipo.

Hili la mwisho linanionya pia nisibadilishe tu jina la kosa langu. Ni rahisi kuacha kumwita mtoto "mzito wa kuelewa" na kuanza kumwita "mzito wa kuonja", kama kwamba sasa nimemjua. Nyuki aliyekataa tone asubuhi huenda akalitaka jioni. Nikimpiga mtoto muhuri mpya, nimefanya lilelile.

La tatu ndilo ninalolisikia zaidi katika chumba cha walimu: mtihani haumbembelezi mtu. KCPE ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1985 na mara ya mwisho mwaka 2023, na katika miaka hiyo yote haikumwuliza mtoto anapenda nini. Mitihani iliyoifuata nayo ina karatasi na alama zake. Ukianza kumpimia kila mtoto tone lake, si utakuwa unalegeza kamba?

Hapa ndipo napenda kurudi kwenye kile kibati. Katika lile jaribio la 2005 somo halikurahisishwa. Mifereji haikupanuliwa kwa ajili ya nyuki waliobaki nyuma. Kila nyuki alikuwa na kibati cha kupapasa, na nyuki aliyejifunza alijifunza kweli. Kilichobadilika ni tone. Kwa hiyo anayesema kwamba kumtazama mtoto mmoja mmoja ni kushusha viwango anachanganya vitu viwili, somo na utamu wake. Mtihani unakwambia nani amejifunza. Haukwambii nani angeweza kujifunza. Sisi tunaliweka swali la pili ndani ya la kwanza, halafu tunaliandika kwenye ripoti kwa wino mwekundu.

Sitaki kusema zaidi ya yale ambayo nyuki wanaruhusu. Tofauti ilipungua sana. Siwezi kukuapia kwamba tukibadilisha zawadi kila mtoto atakuwa daktari. Ninachosema ni kidogo zaidi, na kinaniuma zaidi: kabla hujabadilisha tone huna haki ya kuzungumza juu ya kichwa.

Kuna jambo jingine katika kazi ile ya 2005 ambalo bado linanifuata. Watafiti waligundua kwamba kipapasio cha nyuki ni chepesi kuliko ulimi wake kama mara kumi. Sukari hafifu ambayo ulimi hauishughulikii, kipapasio kinaijua. Lakini walipotazama ni kipi kinachomfanya nyuki ajifunze, uzito ulikuwa kwenye kile anachokunywa kwa ulimi. Kile kinachogusa kipapasio kilikuwa na mchango mdogo.

Mimi husoma hapo nikaona shule zetu. Ni vipapasio tunavyogusa. Soma, utapata kazi. Soma, utajenga nyumba ya mawe. Soma, utasaidia wazazi. Mtoto anaisikia harufu ya utamu kwa mbali na kwa muda anautoa ulimi. Asipopata cha kunywa, leo, hapa, tone dogo la kuelewa kitu na kufurahi kwamba amekielewa, ulimi unarudi ndani. Katika kijiji chetu kijana huyo alikuwa na binamu wawili waliomaliza shule na wako nyumbani. Ahadi yangu ilikuwa ya asilimia ngapi kwake?

Na bado sijasema neno zuri kuhusu wazito wenyewe. Pankiw na Page waliwapima nyuki wachanga, wakawaachia wakue, kisha wakatazama kila mmoja amekuja kuleta nini mzingani. Waliokuwa wepesi zaidi wa kuonja walikuja kuwa wachota maji na wabeba chavua. Waliokuwa wazito zaidi walikuja kuwa wa nekta, na wazito kupita wote ndio waliorudi mara nyingi bila kitu. Ukisikia hilo haraka unaona aliyerudi mtupu ni mvivu. Lakini fikiria asali inatoka wapi. Nyuki anayekubali kila kitu chenye utamu kidogo atajaza tumbo kwa maji mepesi. Anayekataa kilicho hafifu ndiye anayeleta kilichokolea, siku akikipata. Mzinga wenye wepesi watupu ungekuwa na asali kidogo, na mzinga wenye wazito watupu ungekosa maji na chavua ya watoto. Mjomba hakuwahi kuvunja mzinga kwa sababu baadhi ya nyuki wake walirudi miguu mitupu.

Nikirudi kwa yule kijana, sijui alikuwa nyuki wa aina gani. Sijui kama peremende aliyoitia mfukoni alimpelekea mtu nyumbani, au aliitupa njiani, au aliila gizani akaifurahia kuliko wote. Sikumwuliza. Alikuwa hatua sita kutoka kwenye meza yangu kwa mwaka mzima, na swali hilo lingechukua dakika moja. Nilimpima kwa tone moja na kibati kimoja, nikaandika matokeo, nayo yakaenda nyumbani yakakaa kwenye kabati ya mama yake, na mama akayaamini hadi leo. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko mkokoteni. Neno la mwalimu lilitoka kwa mtoto mmoja likamngoja mwingine.

"Mwalimu?" mama akasema. Ndengu zilikuwa bado mkononi mwangu.

"Anaendeleaje kijana wetu?" nikamwuliza.

"Yupo tu. Anasukuma."

Nikamwambia kwamba yale niliyoandika zamani nilikosea, kwamba mimi ndiye sikujua kumfundisha. Alinitazama kwa mashaka, kama mtu aliyerudishiwa chenji zaidi ya inayompasa. Sijui kama aliniamini. Miaka minane ni mingi, na wino mwekundu haufutiki kwa maneno ya sokoni.

Kisha nikachuchumaa nilingane na yule msichana. "Wewe unapenda nini?" nikamwuliza. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akajificha tena nyuma ya leso. Hakunijibu. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na nitamwuliza tena.